Vyuma Vilivyolala Ardhini: Mazungumzo juu ya Mambo ya Kale ya Njombe na Makambako

Leo twataka kuzungumza juu ya vyuma vya kale vilivyolala ardhini. Tutaanza mbali, katika mashamba ya Uingereza, kisha tutarudi nyumbani katika milima ya Njombe na nyika za Makambako. Tumechagua njia hiyo ndefu kwa sababu mtu akitazama jinsi wengine wanavyotunza vyao, huweza kupima vema jinsi yeye anavyotunza vyake.

Katika mashamba ya Uingereza, wakati udongo umekwisha kulimwa na mbegu hazijaota, huonekana watu wakitembea polepole, kila mmoja ameshika fimbo ndefu yenye duara mwishoni. Fimbo hiyo ni chombo cha kutambua madini. Ndani ya duara mna waya uliozungushwa mara nyingi, na umeme upitapo katika waya huo huzaa nguvu ya sumaku inayoingia ardhini. Nguvu hiyo ikikutana na kipande cha madini, huamsha ndani yake umeme mdogo, na umeme huo hurudisha jibu lake juu; hapo chombo hulia katika sikio la mwenyewe. Ufundi huu ulipata sifa katika Vita Kuu ya Pili, ambapo afisa mmoja wa Kipolandi, jina lake Józef Kosacki, alitengeneza chombo cha kutafutia mabomu yaliyofukiwa, nacho kikatumiwa katika mapigano ya El Alamein, nchini Misri, mwaka 1942. Vita ilipokwisha, chombo cha askari kikawa chombo cha watafutaji wa vitu vya kale.

Basi, miongoni mwa vitu vinavyookotwa sana katika mashamba hayo ni vidani vya farasi. Ni vipande vidogo vya shaba iliyochanganywa na madini mengine, vingi vyao si vikubwa kuliko kiganja cha mtoto. Vingine vina umbo la ngao, vingine vya mviringo, vingine vina umbo la ua lenye majani manne. Juu yake vina kitundu cha kutundikia. Vingi vilipakwa dhahabu nyembamba, au vilijazwa rangi ya kioo kilichoyeyushwa, nyekundu, buluu na nyeupe. Vilitengenezwa hasa kati ya karne ya 12 na karne ya 15, zamani za makabaila wapanda farasi. Vilining'inizwa katika mikanda ya ngozi kifuani pa farasi, katika paji la uso wake, na katika ukanda upitao nyuma ya tandiko, hata farasi akitembea vilimetameta na kulia kama njuga.

Tena havikuwa pambo tupu. Katika vidani vingi ilichorwa nembo ya ukoo wa bwana: simba, au tai, au mistari ya rangi zake. Watu wengi wa siku zile hawakujua kusoma, lakini walizijua nembo. Farasi akipita njiani, mkulima aliyekuwa akipalilia shambani mwake alitambua mara moja ni mtu wa bwana gani apitaye. Kidani kilikuwa cheti cha ukubwa. Ngozi ya mkanda ilipochakaa, kidani kilidondoka matopeni, kikafunikwa, kikalala miaka 600 au 700, mpaka plau ya mkulima ikakiinua.

Sasa yafaa tuulize: kipande hicho kidogo cha shaba kina thamani gani? Sokoni, thamani yake kwa kawaida si kubwa. Lakini kama mwenye kukiokota ameandika mahali hasa alipokiokota, kipande hicho husema. Kikiunganishwa na vingine vilivyookotwa karibu, huonyesha njia iliyopitwa na wapanda farasi, au uwanja wa gulio la kale, au mipaka ya milki ya bwana mwenye nembo ile. Kwa hiyo Waingereza walitunga sheria ya hazina mwaka 1996, nayo ikaanza kazi mwaka 1997. Dhahabu na fedha ya kale ikipatikana, hapana budi itangazwe kwa wakubwa. Na kwa vitu vidogo visivyoingia katika sheria hiyo, kama vidani vingi vya shaba, uliwekwa mpango wa kuviandikisha kwa hiari. Mtu hupeleka alichookota, mtaalamu hukipima, hukipiga picha, huandika mahali kilipotoka, kisha mara nyingi humrudishia mwenyewe. Vitu zaidi ya milioni moja vimekwisha kuandikwa kwa njia hiyo. Kitu hubaki kwa mtu, na habari zake hubaki kwa taifa zima.

Wahenga wetu walikwisha kulisema jambo hilo kwa maneno machache: mali bila daftari hupotea bila habari.

Tuje sasa kwetu. Mkoa wa Njombe, uliotengwa na Mkoa wa Iringa mwaka 2012, ni nchi ya milima na baridi. Ni nchi ya Wabena, Wakinga, Wapangwa na makabila mengine jirani zao. Je, mtu akipita na chombo chake katika mashamba ya Ubena ataokota vidani vya farasi? La. Nchi hii haikuwa na makabaila wapanda farasi, na sababu yake si uvivu wala ujinga wa watu, bali ni wadudu. Mbung'o wa nyikani huwaua farasi kwa maradhi ya nagana. Tena uko ugonjwa mwingine wa farasi, unaoenezwa na visubi, unaoweza kuua mnyama mwenye nguvu kwa siku chache. Juu ya milima ya Njombe baridi huwazuia mbung'o, lakini farasi atokaye pwani hana budi kuvuka nyika ndipo aifikie milima. Jambo hili lilidhihirika mwaka 1916, majeshi ya wapanda farasi kutoka Afrika ya Kusini yalipoingia nchini kupigana na Wadachi. Farasi wao walikufa mamia kwa mamia njiani, hata wapandaji wengi wakawa waendao kwa miguu.

Kwa hiyo huku kwetu mzigo haukuchukuliwa na farasi. Ulichukuliwa na kichwa cha mwanadamu. Na pambo la ukubwa halikutundikwa kifuani pa mnyama, bali lilivaliwa mkononi na mguuni: vikuku vya chuma, na vikuku vya masango, yaani waya nene ya shaba iliyoletwa na misafara ya pwani. Lakini ijapokuwa hakuna vidani vya farasi, ardhi ya Njombe haikukosa madini yenye habari. Twaweza kuyagawa mafungu matatu: chuma cha wahunzi wetu, chuma cha vita, na hazina ya Wadachi inayosimuliwa sana. Tuyatazame moja moja.

Fungu la kwanza ni chuma cha wahunzi. Mtu akitembea katika vilima vya Ukinga na Upangwa, katika wilaya ambazo leo huitwa Makete na Ludewa, huweza kukuta mahali penye vipande vizito vyeusi, vyenye vitundu kama mkate uliochacha, vingine vyenye mikunjo kama uji uliomwagika ukaganda. Hayo ni mavi ya chuma, yaani takataka iliyotoka katika tanuri. Karibu nayo huonekana vipande vya mirija ya udongo mwekundu, ncha zake zimeungua na kuwa kama kioo. Mirija hiyo ndiyo iliyopitisha pumzi ya mivukuto ndani ya moto. Mahali hapo palikuwa kiwanda.

Kazi yenyewe ilikuwa ya elimu kubwa. Chuma safi huyeyuka kwa moto wa digrii 1,538, na tanuri la udongo halikufika hapo. Wala haikuwa lazima lifike. Mafundi walipanga jiwe la chuma na makaa ya miti tabaka kwa tabaka, wakapuliza hata moto ukafika digrii 1,200 hivi. Kwa moto huo takataka ya jiwe huyeyuka na kutiririka, lakini chuma hubaki kikiwa bonge zito kama sifongo, lililochanganyika na majivu na takataka. Bonge hilo likatolewa, likasafishwa tena motoni, kisha likapelekwa kwa mhunzi, naye akaliponda kwa nyundo mpaka likawa jembe, au shoka, au mkuki. Moto ukizidi, kazi yaharibika. Ukipungua, kazi yaharibika vile vile. Nao hawakuwa na kipimo cha joto. Walipima kwa rangi ya ndimi za moto, na kwa sauti ya mivukuto, na kwa desturi waliyoachiwa na baba zao.

Tena kazi hiyo ilizungukwa na miiko. Kwa Wapangwa, kama kwa Wafipa upande wa Ziwa Tanganyika, tanuri lililinganishwa na mwanamke mwenye mimba, na chuma kilichotoka ndani yake kikalinganishwa na mtoto. Kwa hiyo dawa zilitiwa tanurini, na mafundi walijitenga na wake zao siku za kazi. Msomaji wa leo asicheke haraka. Miiko hiyo ilikuwa kama kufuli: iliilinda elimu isiibwe, ikawafanya watu waiheshimu kazi, na ikawafunga mafundi kufuata utaratibu ule ule kila mara bila kuruka hatua.

Na chuma hicho kilitembea mbali. Wakinga walijulikana sana kwa uhunzi. Waliteremka kutoka milimani wakiwa na majembe na mikuki, wakaenda kwa Wanyakyusa wa bonde la Ziwa Nyasa, nchi yenye ndizi na ng'ombe wengi lakini isiyo na chuma cha kutosha, wakabadilishana nao kwa chakula. Jembe halikuwa chombo cha kulimia tu. Lilikuwa fedha, na lilikuwa mahari. Hivyo jembe moja lililofanyika katika mlima wa Ukinga liliweza kulima shamba, kisha kuoa mke, kisha kulipa deni. Je, kidani cha farasi kilifanya kazi ngapi? Kimoja: kumtambulisha bwana wake. Twaona basi kwamba kipande cha chuma cha mhunzi wetu hakina haya mbele ya shaba iliyopakwa dhahabu.

Majembe ya viwandani yalipoanza kuletwa kwa meli kutoka Ulaya, bei yake ikiwa ndogo, moto wa matanuri ulizimika kidogo kidogo katika nusu ya kwanza ya karne ya 20. Wahunzi waliendelea kufua chuma kilichokwisha kupatikana, lakini kukitoa katika jiwe wakaacha. Wazee waliofanya kazi ile kwa mikono yao wamekwisha kufariki. Kwa sababu hiyo wataalamu wa mambo ya kale, wa kwetu na wa Ulaya, wamekwenda Ufipa na Upangwa kuyachunguza matanuri yaliyobaki na kuwauliza watu waliosikia habari kwa wazazi wao. Wanachokitegemea zaidi ni yale mavi ya chuma ambayo mtu huyapiga teke njiani. Yakipasuliwa na kutazamwa kwa darubini, huonyesha moto ulifika wapi na jiwe lilitoka mlima gani. Na makaa yaliyonaswa ndani yake huonyesha miti iliyokatwa na umri wa tanuri lenyewe.

Fungu la pili ni chuma cha vita. Nchi hii iliona vita mara nyingi. Mwezi wa Septemba mwaka 1905, katika Vita vya Majimaji, Wabena wa Mbeyela waliishambulia misheni ya Yakobi, karibu na Njombe. Waliamini kwamba dawa ya maji ingezigeuza risasi ziwe maji. Risasi hazikugeuka. Baada ya hapo majeshi ya Wadachi yalichoma vyakula katika nchi za kusini, na njaa ikaua watu wengi kuliko bunduki.

Miaka 11 baadaye ikaja vita ya wageni kwa wageni. Katikati ya mwaka 1916 jeshi la Jenerali Northey lilivuka mpaka kutoka Nyasa na Rhodesia ya Kaskazini, likaingia Njombe. Mwezi wa Julai yakawa mapigano Malangali, kaskazini ya Makambako. Mwezi wa Novemba majeshi ya Jenerali Wahle, yaliyorudi nyuma kutoka Tabora, yaliishambulia Lupembe yasiweze kuitwaa, na kabla mwezi haujaisha kikosi kizima cha Wadachi kilisalimu amri Ilembule, si mbali na Makambako. Risasi, maganda yake na vyakula vya askari vyote vilichukuliwa kwa vichwa vya wapagazi, wale walioitwa tengatenga. Wengi wao walikufa kwa njaa na kuhara na homa, wala makaburi yao hayakuandikwa majina.

Kwa hiyo ganda la risasi linaloinuliwa na jembe katika shamba la Lupembe au Ilembule si kitu cha bure. Likiachwa mahali pake na kuandikwa, laweza kuonyesha askari walisimama wapi, walikimbilia wapi, na mpagazi alianguka wapi. Lakini hapa hatuna budi kutoa onyo. Kombora au bomu ambalo halikupasuka laweza kukaa ardhini miaka 100 na zaidi, na likaua siku litakapogongwa. Mtoto akiona chuma cha mviringo chenye ncha, kizito kuliko kilivyo kikubwa, asikipige wala asikibebe nyumbani. Na aweke alama kwa mbali, akamwite mwalimu au polisi.

Fungu la tatu ndilo linaloharibu mengi, nalo ni ile hazina ya Wadachi. Hakuna wilaya yenye boma la kale, au misheni ya kale, au daraja la kale, isiyosimuliwa habari hii: ya kuwa Wadachi walipokuwa wakikimbia walifukia masanduku ya dhahabu, wakaweka alama juu ya jiwe au wakapanda mti, nao wajukuu wao watarudi kuyachukua. Kwa ajili ya maneno hayo watu hufukua usiku. Wamefukua chini ya kuta, wamefukua chini ya miti mikubwa, na wengine wamefukua hata makaburi. Siku hizi huja na vile vyombo vya kutambua madini, vingine vya kweli, vingine vya udanganyifu mtupu.

Tuipime habari hiyo kwa akili, kama tunavyopima hesabu. Wadachi walitumia rupia, na fedha hiyo ilikuwa ya madini ya fedha, si dhahabu. Walipoanzisha kodi ya nyumba mwaka 1898, nyumba ya shamba ilitozwa rupia 3 kwa mwaka. Basi rupia nyingi zilikuwa mikononi mwa watu wetu wenyewe, waliozitafuta kwa jasho ili walipe kodi. Hata leo mtu akiokota rupia moja katika ganjo la nyumba ya kale, ameokota yumkini akiba ya bibi yake, wala si mali ya gavana.

Na dhahabu je? Ilikuwapo, ila kidogo. Mwaka 1916, nchi ikiwa imezungukwa na meli za Waingereza na fedha haiwezi kuletwa kutoka Ulaya, Wadachi walipiga sarafu Tabora, katika karakana ya reli. Walipiga heleri za shaba na shaba ya manjano, na wakapiga sarafu za dhahabu za rupia 15, zenye picha ya tembo, kwa dhahabu iliyochimbwa Sekenke. Sarafu hizo zote jumla yake ni 16,198 tu, nazo zilitoka mikononi mwa watu mbalimbali katika nchi nzima. Mwezi wa Septemba mwaka ule ule Tabora ikatekwa na Wabelgiji, na kazi ya kupiga sarafu ikakoma.

Yaliyofuata ndiyo ushahidi mkubwa. Mwaka 1917, wakiwa mwituni kusini ya nchi, Wadachi walitengeneza noti kwa karatasi yo yote waliyoipata, wakazipiga chapa kwa herufi za mpira, moja moja, kwa mkono. Sasa tuulize: serikali yenye masanduku ya dhahabu ya kufukia, yaweza kuwa na shida hata ichape fedha kwa muhuri wa mpira? Mwenye ghala lililojaa mahindi haombi unga kwa jirani. Hazina hiyo haikuwapo. Iliyokuwapo ni dhiki.

Lakini uongo huu unaendelea kwa sababu wako wanaokula kwa njia yake. Mwenye chombo hudai ada kwanza. Mganga hudai mbuzi wa kufungulia hazina. Mwingine huuza sarafu ya kughushi, au husimulia juu ya zebaki nyekundu yenye thamani ya mamilioni, kitu ambacho wataalamu wa kemia hawakukiona hata siku moja. Mara nyingi mtafutaji huuza ng'ombe, huuza shamba, huacha watoto bila ada ya shule. Tena udongo wenyewe humdanganya. Udongo mwekundu wa milima yetu una chuma kingi kwa asili, nacho chombo hulia juu yake bure. Penye mavi ya chuma hulia zaidi. Na vyombo vingi vya kawaida havitambui sarafu ndogo iliyo chini zaidi ya dhiraa moja. Mtu husikia mlio, akafukua kwa furaha, akavunja tanuri la Wakinga la miaka mingi akitafuta sanduku ambalo halikufukiwa. Ameharibu hazina ya kweli kwa ajili ya hazina ya maneno. Huku ndiko kuacha mbachao kwa msala upitao.

Liko na jambo jingine linalotendeka mchana, bila uchawi wala siri. Makambako ni njia panda. Barabara kuu iendayo Mbeya na Zambia hukutana hapo na ile iendayo Njombe na Songea, na reli ya TAZARA, iliyojengwa kati ya mwaka 1970 na 1975, hupita hapo hapo. Penye njia panda pana biashara, na biashara moja ya nchi yetu siku hizi ni vyuma chakavu. Biashara hiyo ni halali na yenye faida, kwani chuma cha kale huyeyushwa kikawa nondo. Lakini mizani haijui historia. Jembe la mhunzi, kengele ya misheni, mtutu wa bunduki ya Majimaji, vyote hupimwa kwa kilo pamoja na sufuria lililotoboka. Kitu kilichodumu miaka 150 hugeuzwa nondo kwa thamani ya sukari ya juma moja.

Pengine mtu atasema: je, sheria ya kwetu hainenii jambo hili? Yanena. Sheria ya Mambo ya Kale ilitungwa mwaka 1964, ikarekebishwa mwaka 1979. Kwa sheria hiyo mtu haruhusiwi kufukua mahali pa kale bila leseni, na aokotaye kitu cha kale hana budi kutoa habari kwa wakubwa. Iko Idara ya Mambo ya Kale, na iko Makumbusho ya Taifa Dar es Salaam, iliyofunguliwa mwaka 1940. Karibu nasi zaidi, jumba la kale la Wadachi mjini Iringa lilifanywa makumbusho ya mkoa mwaka 2016, na pale Kalenga pana fuvu la Mkwawa, lililorudishwa kutoka Ujerumani mwaka 1954. Mahali pa kupeleka habari papo.

Tena tunao mfano wa kwetu unaoonyesha faida ya kufukua kwa elimu. Mwaka 1984, Mtambwe Mkuu kisiwani Pemba, wataalamu walifukua sarafu ndogo za madini ya fedha zaidi ya 2,000, pamoja na dinari chache za dhahabu. Kwa kuwa zilifukuliwa taratibu, kila tabaka la udongo likiandikwa, majina ya watawala yaliyomo katika sarafu zile yaliweza kusomwa na kupangwa, na ikajulikana kwamba watu wa pwani yetu walikuwa wakipiga sarafu zao wenyewe miaka 1,000 iliyopita au karibu yake. Lau zingalifukuliwa usiku na mwizi, zingaliuzwa moja moja gizani, na sura nzima ya historia yetu ingalipotea pamoja nazo.

Basi, mkulima wa Njombe na mwanafunzi wa Makambako wafanye nini? Jambo la kwanza, chuma cha kale kikiinuliwa na jembe, kisisuguliwe kwa mchanga wala kutiwa motoni, maana kutu na udongo uliokishika ni sehemu ya habari zake. La pili, usiendelee kufukua. La tatu, chukua daftari uandike: jina la kitongoji, jina la shamba, kitu kilikuwa kina gani, na kando yake palikuwa na nini, kama majivu, au vigae, au mavi ya chuma. La nne, muulize mzee wa mahali hapo, ukaandike maneno yake kama alivyoyasema, pamoja na siku uliyoyasikia. La tano, mpelekee habari mtendaji wa kijiji au mwalimu, ili zifike kwa wenye kazi hiyo.

Shule nazo zaweza kufanya zaidi. Kila shule iliyo karibu na mahali pa tanuri la kale yafaa iwe na ramani yake, iliyochorwa na wanafunzi wenyewe, yenye kuonyesha kila rundo la mavi ya chuma katika kata ile. Kazi hiyo haihitaji chombo cha umeme, bali miguu, kamba ya kupimia, kalamu na subira. Baada ya miaka michache nchi ingekuwa na habari za wahunzi wake kuliko ilivyo sasa, nazo zingekuwa zimeandikwa na watoto wa wajukuu wao.

Mabwana wa Uingereza wa karne ya 13 walitundika majina yao vifuani pa farasi, na plau za wakulima zimeyainua tena. Wahunzi wa Ukinga na Upangwa hawakuandika majina yao po pote. Waliacha mawe meusi mlimani, na mirija ya udongo iliyovunjika, na majembe yaliyolika kwa kazi. Hayo ndiyo maandishi yao. Yatupasa tujifunze kuyasoma kabla hayajapakiwa katika mizani ya chuma chakavu, wala kutawanywa na mtu anayetafuta dhahabu ambayo haikufukiwa.